Hakuna pipa lililopotea, na bei ikapanda

Tarehe 23 Juni 2025 Iran ilirusha makombora kuelekea Al Udeid, kambi kubwa ya jeshi la Marekani nchini Qatar. Siku moja kabla, ndege za Marekani zilikuwa zimeshambulia vituo vya nyuklia vya Iran. Asiyefuatilia soko la mafuta angetarajia bei iruke jioni ile. Ikaanguka. Soko lilipofungwa, mafuta ghafi ya Brent, ambayo ni kipimo cha bei ya mafuta duniani, yalikuwa yameshuka kwa takriban asilimia 7, na kesho yake, usitishaji wa mapigano ulipotangazwa, yakazidi kushuka.

Nimeyafuatilia masoko haya kwa miaka mingi, kwanza kwa udadisi, baadaye kwa uchungu, maana tarakimu zinazocheza kwenye kioo cha dalali ndizo zinazoamua kama jiko la mtu asiyemjua dalali huyo litawaka. Na siku ile ya Juni ndiyo ninayoitaja kila ninapoulizwa kwa nini vita vya mbali hupandisha bei ya vitu ambavyo havikuguswa na risasi hata moja.

Tangu Israel ilipoanza kuishambulia Iran tarehe 13 Juni, soko lilikuwa na swali moja tu: je, mlango-bahari wa Hormuz utafungwa? Hapo, katika mkondo ambao sehemu yake nyembamba zaidi haizidi sana kilomita 33, yalikuwa yakipita karibu mapipa milioni 20 ya mafuta kila siku. Hayo yalikuwa kama sehemu moja ya tano ya mafuta yote yaliyotumiwa duniani. Gesi ya kimiminika nayo, hasa ya Qatar, ilikuwa ikipita hapo hapo, nayo ilikuwa karibu sehemu ya tano ya biashara yote ya gesi hiyo. Njia ya meli kwa kila upande ina upana wa kilomita tatu hivi. Kwa sababu hiyo Brent ilitoka chini ya dola 70 kwa pipa ikakaribia dola 80, ingawa meli za mafuta ziliendelea kupita. Makombora yalipoelekezwa kwenye kambi ya jeshi, tena baada ya onyo, wala hayakugusa meli, wafanyabiashara walisoma humo jibu walilolisubiri: Iran imejibu kwa namna ambayo haitaziba njia. Hofu ikashuka, na bei ikashuka nayo.

Jambo kama hilo lilitokea Januari 1991. Iraq ilikuwa imeivamia Kuwait tarehe 2 Agosti 1990, na kufikia Oktoba bei ya mafuta ilikuwa imezidi dola 40, zaidi ya mara mbili ya ilivyokuwa Julai. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Januari, mabomu yalipoanza kudondoka Baghdad, watu wengi waliamini bei ingepaa tena. Badala yake iliporomoka kwa karibu theluthi moja ndani ya siku moja. Ilionekana mapema kwamba visima vya Saudi Arabia viko salama, na Marekani ilikuwa imetangaza kufungua akiba yake ya dharura. Vita vyenyewe ndiyo kwanza vilikuwa vinaanza.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba bei hupanda kwa sababu ya vita, humwomba atofautishe mambo mawili. Kuna hofu ya kukosa, na kuna kukosa kwenyewe. Hofu huja haraka na huondoka haraka. Kukosa huanza polepole, hukaa muda mrefu, na humchagua wa kumuumiza. Hilo la pili ndilo linalonisumbua zaidi, na ndilo linalozungumzwa kidogo zaidi.

Tuanze na sababu ya upungufu mdogo kuzaa bei kubwa. Mafuta na gesi ni vitu ambavyo mnunuzi hawezi kuviacha kwa siku mbili tatu. Lori linalopeleka dawa hospitali halisubiri bei ishuke. Mtambo wa umeme uliojengwa kuchoma gesi haugeuzwi ukachoma kitu kingine kabla ya mwezi kuisha. Wauzaji nao hawawezi kuchimba kisima kipya wiki hii ili wauze wiki ijayo. Basi yakikosekana mapipa mawili katika kila mia, hakuna anayejitolea kupunguza, na bei hupanda, ikapanda tena, mpaka apatikane mtu wa kukubali kukosa. Pipa la mwisho kupatikana ndilo linaloweka bei ya mapipa yote, yakiwemo yale yaliyochimbwa kwa gharama ndogo na yasiyo na uhusiano wowote na vita.

Mwaka 1979 ni somo zuri hapa. Mapinduzi ya Iran yaliondoa mamilioni ya mapipa kwa siku, lakini Saudi Arabia na wengine waliongeza uzalishaji, hivyo pengo halisi la dunia likabaki kama asilimia 4 au 5. Kwa pengo hilo bei iliongezeka zaidi ya mara mbili, ikakaribia dola 40. Kisa ni kwamba kila aliyekuwa na tangi alilijaza. Kampuni za mafuta zilinunua zaidi ya zilivyohitaji, serikali zikafanya hivyo hivyo, na madereva wakapanga foleni kujaza matangi ambayo bado yalikuwa na nusu. Waliokuwa wakijikinga na upungufu ndio waliouzidisha. Siwalaumu. Asiyejua kama kesho kutakuwa na mafuta hana sababu ya kusubiri kesho. Lakini hesabu haibadiliki kwa huruma yangu: mafuta yaliyolala kwenye matangi ya wenye hofu ni mafuta ambayo hayakufika kwa wenye haja.

Linganisha na tarehe 14 Septemba 2019. Droni na makombora yalipiga mitambo ya Abqaiq na Khurais nchini Saudi Arabia, na kwa usiku mmoja mapipa milioni 5.7 kwa siku yakatoweka. Ilikuwa nusu ya uzalishaji wa nchi ile na kama asilimia 5 ya mafuta ya dunia, yaani pengo la ukubwa ule ule wa 1979. Jumatatu Brent ilipanda kwa karibu asilimia 15. Kabla ya wiki tatu kwisha ilikuwa imerudi ilikotoka. Kilichotofautiana ni ghala. Saudi Arabia ilikuwa na mafuta kwenye matangi na iliendelea kuwapelekea wateja wake huku mafundi wakitengeneza mitambo. Nchi nyingine zilikuwa na akiba. Na mahitaji ya dunia hayakuwa makubwa mwaka ule. Hofu ilikuja, ikakuta ghala limejaa, ikaondoka.

Sasa twende mahali ambapo ghala halikujaa.

Urusi ilipoivamia Ukraine tarehe 24 Februari 2022, mafuta ndiyo yaliyochukua vichwa vya habari, na kwa kweli Brent iligusa karibu dola 139 mapema Machi. Lakini mafuta husafiri kwa meli, na meli hubadili mwelekeo. Ndani ya mwaka mmoja mafuta ya Urusi yaliyokuwa yakienda Ulaya yalikuwa yakienda India na China, na mafuta ya Ghuba yaliyokuwa yakienda Asia yakageukia Ulaya. Safari zilirefuka, gharama zikaongezeka, ila mapipa yalibaki sokoni.

Gesi haikuwa hivyo. Gesi ya Urusi ilifika Ulaya kwa mabomba, na bomba halina usukani. Karibu asilimia 40 ya gesi ambayo Umoja wa Ulaya uliagiza kabla ya vita ilitoka Urusi. Ujerumani ilitegemea zaidi ya nusu. Mtiririko ulipunguzwa hatua kwa hatua, bomba la Nord Stream 1 likafungwa mwanzoni mwa Septemba, na tarehe 26 mwezi huo milipuko ikaharibu mabomba chini ya Bahari ya Baltiki. Kabla ya hapo, mwishoni mwa Agosti, bei ya gesi katika soko la Uholanzi, ambayo ndiyo kipimo cha Ulaya nzima, ilikuwa imezidi yuro 300 kwa megawati-saa. Mwanzoni mwa 2021 ilikuwa karibu yuro 20.

Serikali za Ulaya ziliamua kwamba maghala yao ya chini ya ardhi lazima yajae kabla ya baridi, kwa bei yoyote. Wakafanikiwa. Majira ya baridi yalikuja, nyumba zikapashwa joto, na viongozi wakapongezana kwa umoja wao. Sina ubishi na haki yao ya kuwalinda watu wao. Ninachotaka kisemwe wazi ni kwamba gesi ile haikushuka kutoka mbinguni. Shehena za gesi ya kimiminika zilizokuwa ziende Asia Kusini ziligeuzwa. Wauzaji wengine waliokuwa na mikataba ya muda mrefu na Pakistan walishindwa kuleta shehena walizoahidi, na faida ya kuuza gesi kwa bei ya siku ilikuwa kubwa mno ukilinganisha na adhabu iliyoandikwa kwenye mikataba. Julai 2022 Pakistan ilitangaza zabuni ya kununua shehena 10. Hakuna kampuni hata moja iliyojitokeza. Bangladesh mwezi huo huo iliacha kununua kwa bei ya siku, ikaanza kukata umeme kwa zamu.

Huyo ndiye mtu wa kukubali kukosa. Hakuulizwa. Hakuwa na jeshi katika vita vile, hakumwekea mtu vikwazo, wala hakuwekewa. Alikuwa tu mnunuzi wa mwisho katika mstari, mwenye fedha kidogo zaidi na asiye na ghala la kumvusha miezi mitatu. Magazeti ya uchumi yaliandika kwamba mahitaji ya gesi Asia Kusini “yamepungua”. Sentensi ile ilinikera nilipoisoma na inanikera mpaka leo, kwa sababu mahitaji hayakupungua hata kidogo. Walikuwa gizani.

Gesi ina mlango mwingine ambao wengi hawauoni. Mbolea za naitrojeni hutokana na amonia, na amonia kwa sehemu kubwa hutengenezwa kwa gesi asilia. Gharama kubwa ya kuitengeneza ni gesi yenyewe. Gesi ilipopaa, viwanda vingi vya mbolea barani Ulaya vilipunguza kazi au vikafunga kwa muda. Urusi na Belarus, wauzaji wakubwa wa mbolea, zilikuwa zimetajwa kwenye vikwazo vya aina mbalimbali. Mkulima anayepunguza mbolea leo huvuna kidogo msimu ujao, kwa hiyo mshtuko wa nishati unaweza kumfikia mlaji baada ya miezi mingi, wakati bei ya gesi yenyewe imeshatulia na kamera zimeshaondoka.

Ngano ilipanda mapema zaidi. Urusi na Ukraine kwa pamoja zilikuwa zikiuza zaidi ya robo ya ngano yote inayouzwa kati ya nchi na nchi, na Ukraine peke yake karibu nusu ya mafuta ya alizeti. Bandari za Ukraine kwenye Bahari Nyeusi zilipofungwa, bei ya ngano katika soko la Chicago ilipanda kwa karibu nusu kabla ya wiki mbili kuisha. Machi 2022 kipimo cha bei za chakula cha Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa kilifika juu kuliko wakati wowote tangu kianze kutolewa. Hapo serikali nyingine zikafanya kile ambacho madereva walifanya mwaka 1979. Indonesia ikapiga marufuku kuuza nje mafuta ya mawese mwishoni mwa Aprili, India ikazuia ngano katikati ya Mei. Kila moja ilikuwa ikiwatazama wapigakura wake, na kila moja iliongeza hofu kwa wengine. Mpaka leo naona marufuku hizi zinaumiza kuliko walanguzi ambao kila mwanasiasa huwanyooshea kidole. Mlanguzi akinunua mkataba wa ngano hajachukua hata gunia moja kutoka ghalani; serikali ikifunga bandari imechukua mamilioni ya tani.

Julai mwaka huo, kule Istanbul, Uturuki na Umoja wa Mataifa walifanikisha makubaliano ya kuziruhusu meli za nafaka kutoka bandari za Ukraine. Karibu tani milioni 33 zilipita kabla Urusi haijajiondoa Julai 2023. Ajabu ni kwamba bei ya Chicago ilikuwa imesharudi kwenye kiwango cha kabla ya vita wakati meli ya kwanza inang'oa nanga. Soko lilikuwa limeshaiona meli ile kabla haijapakiwa. Lakini mlaji hakuiona nafuu hiyo. Dola ilikuwa imepanda thamani, na Septemba 2022 ilifika juu kuliko ilivyowahi kuwa kwa miaka 20. Ngano, mafuta na mbolea huuzwa kwa dola. Nchi yenye sarafu inayoshuka ililipa mara mbili, kwanza kwa bidhaa kupanda, kisha kwa dola kupanda, na bidhaa iliposhuka dola ikaila nafuu yote.

Kuhusu walanguzi sitaki nionekane nawasafisha. Nikeli, Machi 2022, ni kisa kinachostahili hasira. Urusi ni mzalishaji mkubwa wa nikeli safi. Nikeli yake haikuwa imewekewa vikwazo, hofu tu ilitosha kuanzisha safari. Kampuni moja kubwa ya China ilikuwa imeweka dau kubwa kwamba bei itashuka. Bei ilipopanda, ilidaiwa dhamana ya ziada, na wengine wenye dau kama hilo wakalazimika kununua ili kujitoa, na kununua kwao kukaipandisha tena. Tarehe 8 Machi tani moja ilivuka dola 100,000. Siku chache kabla ilikuwa chini ya 30,000. Soko la Metali la London likasimamisha biashara na kuifuta yote iliyofanyika asubuhi ile. Hakuna mgodi uliofungwa, hakuna meli iliyozama. Palikuwa na deni ndani ya soko ambalo msimamizi hakuliona lote, na vita ikalifunua. Waliouza kihalali wakanyimwa haki yao kwa tangazo moja.

Kuhusu bahari nitasema kidogo tu. Wahouthi wa Yemen walipoanza kushambulia meli katika Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023, bei ya mafuta haikutikisika sana, na wengine wakasema soko limezoea. Halikuzoea. Gharama ilihamia kwenye bima na kwenye siku. Malipo ya bima ya hatari ya vita yaliongezeka mara kadhaa, na meli nyingi zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, jambo linaloongeza kama siku 10 au zaidi kati ya Asia na Ulaya. Misri, ambayo haikurusha kombora wala kurushiwa, iliona mapato ya Mfereji wa Suez yakitoka dola bilioni 10 hivi mwaka 2023 hadi karibu bilioni 4 mwaka 2024.

Zipo pia nyakati ambazo kuyumba kwa bei si ajali ya vita, ni silaha yenyewe. Mwaka 1973 nchi za Kiarabu zilizuia mafuta kwa makusudi, na bei ikawa karibu mara nne ndani ya miezi michache. Siku hizi madini yameingia kwenye mchezo huo. China ilianza kudhibiti uuzaji wa galiamu na jemaniamu Agosti 2023, na Aprili 2025 ikaongeza aina saba za madini adimu. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, inayotoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia, ilisimamisha mauzo ya nje Februari 2025 kwa sababu bei ilikuwa chini mno, kisha Oktoba ikaweka ukomo wa kiasi kinachoruhusiwa kuuzwa nje. Bei ikazidi mara mbili. Kongo siiweki kundi moja na wengine. Nchi iliyokuwa ikiuza utajiri wake kwa bei ya kutupa ina sababu ya kufunga mlango, hata kama kiwanda cha betri cha mbali kitalalamika.

Kwa hiyo habari ya vita inapoingia, bei ya siku hiyo siipi uzito. Natafuta kujua kama kuna njia nyingine ya kupita, kama kuna mzalishaji mwenye uwezo wa ziada aliye tayari kuutumia, na nani ana akiba ghalani. Mawili ya kwanza yako mikononi mwa jiografia na mwa wafalme. La tatu linajengwa, na ndilo ninalolipigia kelele.

Nchi tajiri zililijua hili mapema. Baada ya kuumia mwaka 1973, zilianzisha Shirika la Kimataifa la Nishati mwaka 1974, na baadaye kila mwanachama akakubali kuweka akiba ya mafuta isiyopungua siku 90 za anachoagiza kutoka nje. Mwaka 2022 akiba hiyo ilitumika: Marekani peke yake iliahidi mapipa milioni 180 katika miezi sita. Februari mwaka huo, vita ya Ukraine ilipoanza, Lebanon, iliyopata sehemu kubwa ya ngano yake kutoka Ukraine, ilikuwa na akiba ya kama mwezi mmoja. Maghala yake makuu, yenye uwezo wa tani 120,000, yalikuwa yamevunjwa na mlipuko wa bandari ya Beirut Agosti 2020 na hayakuwa yamejengwa upya.

Mfano wa nchi kuweka akiba pamoja, zikiwemo zisizo tajiri, upo. Nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia pamoja na China, Japani na Korea Kusini zina mpango wa mchele wa dharura, wenye tani 787,000 zilizotengwa. Kiasi hicho hakifiki hata wiki moja ya wali unaoliwa katika nchi hizo, lakini mkataba upo, ofisi ipo, na mchele umeshawahi kupelekwa kwa waliokumbwa na maafa. Pakistan na Bangladesh zingeweza kuanza hivyo kwa gesi, au kwa mafuta ya mitambo ya umeme, kwa ghala moja la pamoja na masharti ya nani afunguliwe lini. Gharama yake ni kubwa, na waziri wa fedha yeyote ataiona nzito katika mwaka wa amani. Naomba aiweke karibu na hesabu ya Julai 2022: shehena 10, wauzaji sifuri.